Safari ya Likoma, Kisiwa cha Ziwa Nyasa

Wengi wetu tukisikia habari za kupanda meli kwenda kisiwani, twafikiri Unguja tu. Lakini sisi watu wa Ruhuwiko na Songea yote tunalo Ziwa Nyasa, na ndani yake mna kisiwa ambacho wachache wetu wamekiona, ingawa habari zake zimefungamana na za babu zetu. Jina lake ni Likoma.

Kisiwa hiki ki karibu sana na pwani ya Msumbiji, lakini ni cha Malawi. Waingereza na Wareno walipopatana mpaka mwaka 1954, kilibaki upande wa Nyasaland. Kwa hiyo sharti msafiri awe na pasi. Njia ya nchi kavu kwa mtu wa Songea ni kulizunguka ziwa: Njombe, Tukuyu, mpaka wa Kasumulu, Karonga, Mzuzu, hata bandari ya Nkhata Bay. Meli iliyojulikana kuliko zote katika safari hiyo ni Ilala, iliyoanza kazi mwaka 1951. Ulizeni siku ya meli kabla ya kuondoka nyumbani. Tena angalieni majira, kwa maana toka Mei hata Agosti upepo wa kusini, uitwao mwera, huvuma kwa nguvu, na mawimbi huinuka kama ya bahari.

Likoma ni kisiwa kidogo, kama kilometa 18 za mraba. Kina mibuyu mikubwa na miembe, na ardhi yake ni ya mchanga, basi chakula cha watu ni mihogo na samaki. Ufukoni usipa huanikwa juani juu ya vichanja.

Sasa sikilizeni habari za zamani. Mwaka 1882 Wangoni wa nchi yetu, walioitwa Magwangwara, waliishambulia misheni ya Masasi. Wengine waliuawa, wengine walichukuliwa mateka. Pwani ya ziwa nayo ilihangaishwa na vita, hata watu wengine wakajenga nyumba juu ya nguzo majini. Kwa hiyo misheni ya Kiingereza, UMCA, ilipotafuta makao ziwani, ilichagua kisiwa, nayo ikakaa Likoma toka mwaka 1885. Mmoja wa wakuu wake alikuwa Chauncy Maples, ambaye zamani alifanya kazi Masasi. Mwaka 1895, akiwa askofu mpya, alizama ziwani katika dhoruba, naye akazikwa Nkhotakota.

Baadaye wakajenga kanisa kuu la mawe, lenye urefu wa mita zipatazo 100. Kazi ilianza mwaka 1903, likawekwa wakfu mwaka 1911. Mahali pake paitwa Chipyela, yaani mahali pa kuchomea moto, kwa kuwa hapo zamani walichomwa watu walioshtakiwa uchawi. Mtu akisimama humo ndani na kukumbuka jambo hilo, hanyamazi kwa sababu ya ukubwa wa kuta tu.

Nilipokuwa huko, mzee mmoja aliniuliza natoka wapi. Nikamjibu, "Songea, baba." Akacheka, akasema, "Babu zako wangalifika hapa, tungalikimbilia majini. Karibu, mwanangu, kaa ule." Tukala mihogo na samaki katika sahani moja.

Ndugu walimu, kila mwaka katika Februari twawakumbuka mashujaa wetu walionyongwa na Wadachi hapa Songea tarehe 27 Februari 1906, nasi twafanya haki. Lakini mkiwafundisha watoto ushujaa wa Wangoni, msiwafiche kwamba mikuki ileile iliwafukuza wengine hata majini. Mtoto ajuaye upande mmoja tu wa vita hajui habari za vita. Naye asiyedhani kwamba shitaka la uchawi laweza kumwua jirani asiye na kosa, na asimuliwe habari za Chipyela.

Basi mwenye nafasi na nauli aende Likoma. Achukue zawadi ndogo ya mahindi au maharagwe ya Umatengo, maana mgeni aendaye kwa watu ambao zamani waliogopa jina la kwao haifai aende mikono mitupu.