Roboti Mezani, Mdogo Wake Chini ya Meza

Leo tunaacha chanjo na uji kidogo, tuongelee watoto wanaounda roboti.

Kuna roboti za aina mbili. Moja ni ya kwenye boksi, vipande vya plastiki unavyokata kwenye fremu na kuunganisha mpaka isimame. Wajapani ndio waliozivumisha: katuni ya Gundam ilianza kuonyeshwa mwaka 1979, na kampuni ya Bandai ikaanza kuuza seti zake mwaka 1980. Ya pili ndiyo yetu hapa Chitete: kichwa kopo la mafuta ya kupaka, kifua boksi la dawa ya meno, mikono waya, miguu visoda, macho taa za tochi mbovu.

Mwanangu wa miaka 10 anaunda hizo za makopo. Baba yake anasema anapoteza muda. Mimi namtetea. Mtoto anayekaa saa nzima akikunja waya ili goti likunjike anajifunza uvumilivu, na vidole vyake vinapata ufundi. Lakini pale chini ya meza kuna mdogo wake wa miezi 14, na kila kinachodondoka anakipeleka mdomoni. Huyo ndiye wa kumwangalia.

Kwanza, betri. Zile bapa za duara, kama za saa, ndizo zinazonitisha kuliko zote. Ikinasa kwenye koo la chakula inaweza kuunguza nyama za ndani kwa muda wa saa 2 tu, hata kama wewe unaiita betri iliyokufa. Mtoto anatokwa mate mengi, anakataa kula, anakohoa, anatapika. Ukiangalia haraka unasema ni mafua. Ukihisi kameza, usimtapishe, usimpe ugali wala ndizi eti isukume. Kimbia hospitali, useme wazi, "Nahisi kameza betri," apigwe picha ya eksirei. Kituo kikiwa hakina eksirei, omba rufaa hapohapo, usisubiri kesho.

Pili, rangi. Roboti bila rangi haijakamilika, najua. Basi mtoto anachukua ile rangi ya mafuta iliyobaki mlipopaka geti. Baadhi ya rangi hizo zina madini ya risasi, hasa za njano, nyekundu na chungwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Inaumiza ubongo polepole, bila homa, bila kelele. Unakuja kuona shuleni tu, mtoto hashiki masomo. Mpe rangi ya maji ya kuchorea shuleni. Kama anatumia ya kupuliza, apulizie nje, mbali na mdogo wake na mbali na moto wa jiko. Na asipige msasa kitu chenye rangi ya zamani, vumbi lake ndilo baya.

Tatu, vipande vidogo. Kinachoweza kumezwa kinaweza pia kuziba njia ya hewa.

Nyumbani kwangu nimeweka sheria chache. Kazi inafanyika juu ya sinia, kisodo hakidondoki kikapotea. Mdogo akilala ndipo sinia linatoka. Betri zote zinakaa kwenye kopo lenye mfuniko, juu ya kabati. Ukimaliza unafagia kwa kitambaa kibichi, unanawa mikono kwa sabuni, ndipo unakula.

Hizo sheria hazigharimu hata shilingi, na mtoto hanyimwi roboti yake.

Wewe nyumbani kwako betri mbovu zinakaa wapi? Inuka ukaangalie sasa hivi, kisha uniandikie hapo chini.