Aisifuye Mvua Imemnyea

Katika miaka ya 1840, mjini Eisenach nchini Ujerumani, mtoto mdogo alikuwa akienda kiwandani kila adhuhuri akichukua chakula cha baba yake. Zamu nyingine ilikuwa ya dada yake. Baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kusokota nyuzi, na hakuwa na nafasi ya kuketi mezani. Alikula kwa haraka, ameegemea mashine au ameketi juu ya kasha, kisha akamrudishia mtoto chombo kitupu na papo hapo akashika kazi. Biashara ilipokuwa ya kawaida alifanya kazi saa 14, tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja jioni. Biashara ilipostawi, zilikuwa saa 16. Mapumziko hayakuwapo.

Mtoto huyo aliitwa Ernst Abbe. Alipokuwa mtu mzima alisimulia kwamba baba yake, mtu wa miraba minne, alipotimiza miaka 48 alikuwa amekwisha kuwa mzee kwa sura na kwa mwendo.

Walakini mwenye kiwanda hakuwa mtu katili. Alisaidia hata gharama za kumsomesha Ernst. Lau angaliulizwa kama yeye ni mwajiri mwema, angalikuwa na la kujibu. Lakini msaada ule ulikuwa fadhila ya mtu mmoja kwa mtoto mmoja. Saa 16 zilikuwa amri iliyowabana wote.

Ernst Abbe alikuja kuwa mtaalamu wa elimu ya mwanga, akashirikiana na Carl Zeiss, mtengenezaji wa hadubini katika mji wa Jena. Zeiss alifariki mwaka 1888. Mwaka uliofuata Abbe alianzisha wakfu kwa jina la mwenzake, na baadaye akaukabidhi hisa zake za kiwanda. Katiba ya wakfu huo ya mwaka 1896 iliwapa wafanyakazi likizo yenye malipo na pensheni. Iliagiza pia kwamba mkubwa yeyote asipokee zaidi ya mara kumi ya wastani wa mapato ya mfanyakazi. Mwaka 1900 siku ya kazi ilipunguzwa kutoka saa 9 hadi saa 8. Abbe aliipima kazi iliyofanyika, akaona kwamba haikupungua. Jambo kubwa ni kwamba mambo haya yaliandikwa. Mfanyakazi wa Jena hakuyaomba kwa kupiga magoti. Aliyadai kama haki yake.

Siku hizi Ulaya ina desturi ya kuwatangaza waajiri walio bora. Mwaka 1991 ilianzishwa nchini Uholanzi taasisi ambayo leo huitwa Top Employers Institute. Hiyo humtaka mwajiri aeleze taratibu zake za kuwatunza na kuwaendeleza wafanyakazi, kisha maelezo yake hukaguliwa kabla ya kupewa cheti. Mwaka 2003 ilitangazwa orodha ya mahali 100 palipo bora pa kazi katika Umoja wa Ulaya, kwa kuungwa mkono na Tume ya Ulaya. Orodha hiyo ilitokana na kazi ya Great Place to Work, ambao huwauliza wafanyakazi wenyewe bila kutaja majina: Je, mnawaamini wakubwa wenu? Mnaionea fahari kazi yenu? Mnafurahi kuwa pamoja na wenzenu?

Njia zote mbili zina manufaa, kwani mwajiri anayejua kwamba atapimwa hujitazama. Hata hivyo, mwajiri ndiye anayejiandikisha, na hulipa ada. Asiyejiandikisha hatajwi, awe mwema au mbaya. Kwa hiyo cheti ukutani si mwisho wa habari. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na walisema pia kuwa aisifuye mvua imemnyea. Sifa ya mahali pa kazi ina uzito itokapo kinywani mwa mfagiaji na karani, maadamu wanaweza kusema ukweli bila kuogopa kufukuzwa.

Askari hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Nishani ya mkuu huonekana na watu wote gwarideni, lakini habari za kikosi huzijua waliokula na kulala humo: kama chakula kilifika kwa wakati, kama ruhusa ilitolewa kwa zamu bila upendeleo, kama aliyeugua aliulizwa hali.

Na yuko shahidi mwingine ambaye taasisi hizo hazimpelekei fomu, naye ni jamaa wa nyumbani. Mke hujua mume wake amerudi saa ngapi na amerudi namna gani. Mtoto hujua kama mzazi wake ana nguvu za kutazama daftari lake la shule, au anasinzia na kijiko mkononi. Mtoto wa Eisenach naye hakuulizwa na mtu. Alikibeba kile chombo kitupu hadi nyumbani, akanyamaza, na ushahidi wake ukaja kuandikwa karibu nusu karne baadaye katika katiba ya Jena.