Ukucha wa Baba Mdogo

Nilipanda Mhezi na pimamaji mpya niliyonunua Same mjini. Baba mdogo akacheka. "Karakana yenyewe imeinama na mlima. Unapima Mhezi au unapima meza?"

Kweli, bawa la msumeno wa meza halilingani na dunia, linalingana na meza. Likishuka kidogo tu, ubao unalala, ukingo unatoka mshazari, na mlango wa mtu haufungi.

Nikachomoa waya wa umeme. Tukalegeza bolti, nikalaza rula ndefu ya chuma kutoka kwenye meza hadi kwenye bawa, nikamulika tochi ya simu nyuma yake. Mwanga ulipenya ncha ya nje. Nikakata kipande cha kopo la soda, nikakichomeka kwenye kiungo, chini ya bolti, nikakaza.

Yeye hakuangalia rula. Ana mtoto wa jicho, wateja hawajui. Alipitisha ukucha kwenye kiungo. "Hapa katikati." Mimi sikuona kitu. Nikalegeza, nikagonga kwa nyundo ya mbao. Ukucha ukapita bila kukwama.

"Haya, washa."

"Baba, mbao nitasukuma mimi."

Hakujibu. Kidole kilibaki palepale kwenye kiungo.