Kuomba na Kudai

Usiku wa Alhamisi, tarehe 4 Aprili 2024, kituo kimoja cha televisheni cha mahali kilitoweka kwenye kebo katika mji mdogo wa magharibi mwa jimbo la Ohio. Jioni iliyofuata, ikiwa imesalia nusu saa na ushee kabla ya Magharibi, mzee mmoja mzaliwa wa Tanga aliketi kwenye kiti chake cha kila siku, mjukuu wake akakaa kwenye zulia, na wote wawili wakatazama bango la buluu lenye maandishi meupe. Bango lilieleza kwamba mwenye kituo ndiye aliyekiondoa, na likamwomba mtazamaji awe na subira. Ilikuwa Ramadhani. Mzee alisema kwamba subira anayo, ila hii hakuitilia nia.

Kilichopotea kilikuwa kipindi cha Jeopardy!, kinachorushwa na kituo hicho saa moja na nusu jioni. Mzee aliondoka nyumbani mwaka 1996, wakati ambapo televisheni mtaani kwao ilikuwa bado kitu cha kwenda kutazama kwa jirani: Zanzibar ilianza kutangaza mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Huko Ohio alifanya kazi miaka mingi ya utunzaji ghala katika hospitali, na Kiingereza chake kingi alikipata katika nusu saa hiyo ya jioni. Kanuni ya mchezo, kwamba mshindani atoe jibu lake kwa namna ya swali, ilimfurahisha tangu siku ya kwanza. Alijibu kwa Kiswahili, mjukuu akafasiri, wakabishana. Kwa binti huyo wa miaka 16, ambaye shule na simu yake vyote vilikuwa vya Kiingereza, hiyo ndiyo nusu saa pekee ya siku iliyomlazimu kutafuta maneno ya babu yake. Na katika Ramadhani ya Aprili, jua linapochwea karibu na saa mbili, kipindi hicho kiliwafikisha kwenye tende.

Siku ya nne bila kituo, Jumatatu ya tarehe 8, jua lilipatwa kabisa juu ya eneo lao. Watu walitoka nje na miwani ya karatasi. Mchana ukageuka magharibi kwa dakika chache, kisha mwanga ukarudi. Mzee alipoingia ndani alitazama bango la buluu na kusema kwamba hata jua limekwisha kurudi.

Sababu ya bango lile ni ya zamani kuliko mjukuu. Sheria ya kebo iliyopitishwa Marekani mwaka 1992 inawapa wenye vituo vya mahali hiari ya mambo mawili, wanayoichagua upya kila baada ya miaka 3: ama kuilazimisha kampuni ya kebo ibebe kituo chao bila malipo, ama kuitaka ipate idhini yao na kuilipia. Vituo vyenye watazamaji wengi huchagua idhini, kwa kuwa ndiko kwenye fedha. Mkataba ukifika mwisho na bei isipopatana, kituo huondolewa, na kila upande humwandikia mtazamaji kumweleza kwamba mkosaji ni yule mwingine. Ugomvi wa namna hii wa kuwania bei hauhusu vituo vya mahali pekee. Mwishoni mwa Agosti 2023 karibu wateja milioni 15 wa Charter walizikosa chaneli za Disney, ESPN ikiwamo, kwa siku zipatazo 11. Septemba 2024 wateja zaidi ya milioni 11 wa DirecTV walipatwa na jambo lilelile kwa muda wa karibu wiki mbili.

Lakini kituo cha mahali kina ajabu yake. Hakizimiki. Mawimbi yake huendelea kupita juu ya paa la nyumba ileile ambayo imenyimwa kwenye kebo, na mwenye antena huyanasa bure. Mjukuu aligundua hilo, na Idi ilipowadia, Jumatano ya tarehe 10, alimpa babu yake zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya duka: antena bapa, ya kubandika dirishani. Jioni hiyo Jeopardy! ilirudi. Mzee alimwombea dua ndefu. Kisha akaomba aletewe ankara ya kebo.

Katika ankara hiyo, chini ya bei ya kifurushi, palikuwa na mstari wa peke yake: ada ya vituo vya mahali, dola 24 kwa mwezi. Wakati huo makampuni mengi ya kebo yaliitenga ada hii na bei yaliyoitangaza, na kumweleza mteja kwamba ni gharama ya kuwalipa wenye vituo. Mzee alisoma mstari huo kwa jicho la mtunza ghala. Ikiwa ada ni bei ya vituo, na kituo hakipo, basi bidhaa imetoka kwenye rafu na bei yake imebaki kwenye hati. Alingoja. Kituo kilirudi kwenye kebo jioni ya tarehe 23, baada ya siku 19. Ankara ya Mei ilipofika, mstari ulikuwa vilevile: dola 24.

Hesabu aliifanya kwa penseli katika daftari la shule. Vituo vikubwa vilivyolipiwa na ada hiyo vilikuwa 4, hivyo kila kimoja dola 6. Dola 6 kwa siku 30 ni senti 20 kwa siku. Siku 19 ni dola 3 na senti 80. Akapiga mstari chini yake, akampa mjukuu simu, kwa sababu Kiingereza chake, kilichotosha kwa ghala na kwa mashindano ya maswali, hakikuwahi kutosha kwa simu ya huduma kwa wateja.

Mhudumu wa kwanza alisema kwamba mkataba unairuhusu kampuni kubadilisha chaneli wakati wowote. Mhudumu wa pili, siku tatu baadaye, alikuwa mpole zaidi. Alisema kwamba kwa kuwa mteja amepiga simu, na kwa kuwa ni mteja wa miaka mingi, yuko tayari kumpunguzia dola 10, mara moja tu, kwa hisani. Mjukuu alifunika simu kwa kiganja, uso umemng'aa.

“Babu, wanakupa dola kumi. Wanasema ni hisani.”

“Mwambie sikuomba hisani. Nawadai dola tatu na senti themanini.”

“Lakini kumi ni zaidi!”

“Najua, mjukuu wangu. Kuhesabu nilifundishwa.”

Binti alirudi kwenye simu na kusema kwamba babu yake anaomba dola 3.80. Mzee, ambaye alikuwa akisikiliza kila neno, alitikisa kichwa. “Siombi,” alisema. “Nadai.” Kiingereza nacho kina maneno ya kutenganisha mambo hayo mawili, lakini mhudumu hakuwa na nafasi nayo. Katika lugha ya dirisha lake mteja alikuwa na ombi, na ombi hukubaliwa au hukataliwa. Tena mashine yake, alieleza, ilipunguza fedha kwa vipande vya dola 5. Dola 3.80 haikuwa na kitufe. Akapandisha hadi 15. Mzee akashukuru, akakataa, na simu ikakatwa kwa adabu ya pande zote mbili.

Binti alikasirika. Alikuwa amesubiri kwenye laini kwa dakika 40 kumtafutia babu yake fedha ambazo babu hakuzitaka. Usiku ule ndipo mzee alipomweleza, si kwa hotuba, bali kwa mfano wa duka la baba yake, lililokuwa na daftari la wadeni. Mtu aliyechukua unga kwa mkopo, alisema, alidaiwa tangu alipovuka kizingiti. Mwenye duka hakuhitaji kusema neno. Alipolala, alikuwa anadai. Aliposafiri, alikuwa anadai. Hata alipofariki, daftari liliendelea kudai kwa niaba ya warithi wake.

Ndivyo kitenzi chenyewe kilivyo. Kuomba ni tendo: huanza mtu anapofungua kinywa na huisha anapojibiwa. Kudai, kwa maana yake ya dukani, ni hali. Msemaji wa Kiswahili husema “namdai” kama asemavyo “namjua”, bila kuwa amemwendea mtu wala kumnyooshea mkono. Haki imekwisha simama baina ya wawili hao, na atakayekwenda kuidai hufuata tu kilicho chake. Kampuni ilikuwa tayari kutoa karibu mara nne ya kiasi kile ili mradi kitendo kiitwe ombi, na sababu yake haihitaji elimu ya uchumi. Dola 15 za hisani ni za mtu mmoja aliyepiga simu. Dola 3.80 za deni ni za kila nyumba ya mji ule yenye mstari uleule kwenye ankara, iwe imepiga simu au imelala.

Na nyumba nyingi zilikuwa zimelala. Jirani yake mmoja, Mkongo wa Uvira mwenye watoto watano, alipoulizwa alisema kwamba hakujua kama kulikuwa na la kufanya. Aliliona bango, akadhani ni hitilafu, kituo kiliporudi akashukuru. Mjukuu wa mzee alimpigia simu yeye pia, na alipopewa dola 10 alizipokea papo hapo. Mzee hakumlaumu. Mwenye watoto watano hana nafasi ya kugombea kitenzi. Lakini aliliandika jina la jirani katika daftari lake, na mbele yake akaandika: hisani.

Hata mpwa wake aliyeko Tanga, alipopigiwa simu na kusimuliwa kisa hicho, hakukiona kigeni. Alimkumbusha mjomba wake ya Agosti 2018, pale ving'amuzi vya kulipia vilipolazimika kuondoa chaneli za ndani kwa sababu leseni zao hazikuruhusu kutoza fedha kwa chaneli ambazo mwananchi anastahili kuzitazama bure. Yeye alikuwa amelipia mwezi mzima. Alinunua king'amuzi cha pili.

“Mlidai?” mzee aliuliza.

“Tudai kwa nani, Mjomba?”

Swali hilo lina uzito hata Marekani. Januari 2024, miezi mitatu kabla ya bango la buluu, Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho ilipendekeza kwamba makampuni ya kebo na ya setilaiti yalazimishwe kuwarudishia wateja fedha pale ugomvi wa idhini unapowanyima vituo. Pendekezo hilo lilikuwa ni kukubali kwa lugha ya serikali jambo ambalo mwenye duka wa Tanga angelijua bila kuambiwa. Lakini pendekezo si kanuni, na mzee alipopiga simu hakuwa na kifungu cha kukitaja. Alichokuwa nacho ni njia ya malalamiko ya tume hiyohiyo: mteja huandika shauri lake, tume hulipeleka kwa kampuni, na kampuni hutakiwa kujibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Njia hiyo haiahidi kumlipa mtu. Inaahidi tu kwamba atajibiwa.

Waliandika pamoja, Jumapili moja alasiri. Mzee alitamka kwa Kiswahili, binti akaandika kwa Kiingereza, na kazi ilichukua saa mbili kwa sababu kila sentensi ilibidi ipimwe. Binti aliandika kwamba babu yake anatumaini kurudishiwa. Mzee akauliza kutumaini kumetoka wapi. Binti aliandika kwamba angeshukuru sana. Mzee akasema shukrani zitakuja baada ya malipo, kama zitakuja. Mwishowe yalibaki tarehe mbili, mstari wa ankara, hesabu ya senti 20 kwa siku, na kiasi kinachodaiwa. Yalijaa nusu ukurasa. Binti aliyasoma mara ya mwisho na kusema, kwa mshangao kidogo, kwamba hayana adabu mbaya. Mzee alisema hapana, kwa nini yawe nayo?

Jibu lilifika katikati ya Juni. Kampuni ilieleza haki yake ya kubadilisha chaneli, ikamtaja mwenye kituo kuwa chanzo cha usumbufu, ikasema kwamba haikiri wajibu wowote. Kisha, katika aya ya mwisho, ikaarifu kwamba dola 3.80 zimeingizwa kwenye akaunti ya mteja. Kitufe, kumbe, kilikuwapo.

Mzee alitaka asomewe barua yote kwa Kiswahili. Binti alisoma polepole, akitafuta maneno, akiruka machache na kuyarudia. Alipofika kwenye sentensi ya mwisho alianza, “Tunafurahi kwamba tumeweza kulikubali ombi lako,” akanyamaza. Akarudi nyuma kwa kidole.

“Wameandika ombi, Babu,” alisema. “Lakini lilikuwa dai.”

Mzee hakujibu. Dawa ya deni ni kulipa, na deni lilikuwa limelipwa. Alilifungua daftari, akalitafuta jina la kampuni, na mbele yake akaandika tarehe. Ilikuwa saa moja na dakika 28. Binti aliinuka kuigeuza antena kidogo dirishani, kwa sababu tangu Idi hawakuwa wamekitazama tena kituo kile kwenye kebo.