Tuliacha Zanzibar, Tukaenda Ngara na Kopo la Slaidi

Nianze na ugomvi, maana safari yenyewe ilianzia hapo. Mume wangu alishapanga mwaka wetu wa tano wa ndoa tukausherehekee Nungwi, Zanzibar: bahari, pweza wa kuchoma, kulala mpaka saa nne. Mimi nikasema nataka Ngara. Akaniangalia kama mtu aliyeletewa bili isiyo yake. "Kisa yale makopo yako?"

Ndiyo, kisa makopo. Wenzangu wana ugonjwa wa viatu, mimi nanunua slaidi za zamani za watu nisiowajua. Kwa wewe uliyekulia kwenye simu, slaidi ni kipande cha filamu ya rangi kilichobanwa kwenye fremu ya sentimita 5 kwa 5. Unakitia kwenye projekta, picha inatokea ukutani. Mwenyewe akifa, watoto hawana projekta, kopo linaishia duka la mitumba. Hili nililipata Uholanzi nilipokuwa masomoni. Slaidi 86 kwa bei ya chakula cha mchana, jina la mwenyewe hakuna. Fremu nyingi zina mhuri wa 1994, na chache zimeandikwa kwa penseli: Biharamulo, Benaco.

Kuziingiza kwenye kompyuta kunataka subira. Unapuliza vumbi, unavaa glavu za pamba, unapanga kwenye skana yenye taa kwenye mfuniko. Zangu ni Kodachrome, filamu inayotunza rangi miaka na miaka ikikaa gizani. Kodak waliacha kuitengeneza mwaka 2009, na maabara ya mwisho, huko Kansas, Marekani, ikaacha kuisafisha mwisho wa 2010. Ubaya wake, ile njia ya skana kufuta vumbi yenyewe haielewani nayo, inaweza kula hata picha. Basi nilifuta kwa mkono, usiku, mume kalala. Ukikaa nusu saa unafuta vumbi usoni kwa mtu, unaanza kujidanganya kwamba mnafahamiana.

Tukakubaliana: Ngara kwanza, Zanzibar Desemba. Tulitoka Mwanza alfajiri. Siku hizi hakuna tena kusubiri kivuko. Tangu Juni 2025 unapita juu ya daraja la Kigongo-Busisi, kilomita 3 za ziwa. Geita hiyo, halafu Biharamulo, na boma la Wajerumani kilimani, limesimama tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900. Mwenzangu alikuwa kanuna njia nzima. Nikampa picha ya boma niliyoichapisha kutoka kwenye slaidi. Akaitazama, akatazama ukuta, akaanza kurudi nyuma hatua moja moja. "Alisimama hapa!" akapiga kelele. Nikajua nimempata.

Kutoka hapo ni Lusahunga, Nyakahura, na misitu ambayo miaka ya 2000 mabasi yalipita kwa kusindikizwa na polisi wenye bunduki. Sisi tulipita tunatafuna mahindi ya kuchoma. Kisha vilima vya Ngara na migomba.

Benaco leo ni mji mdogo wa barabarani: malori ya Rwanda, gesti, chipsi. Jina ni la kampuni ya Kitaliano ya ujenzi. Lakini tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya takriban saa 24, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo, waliokimbia vita na baadhi ya waliofanya mauaji wakiwa humohumo, na wengi wakaishia hapa. Mbrazili maarufu Sebastião Salgado alipiga picha hapa mwaka huo. Kambi za Wanyarwanda zilifungwa Desemba 1996.

Tukamwamkia mama mmoja anayeuza ndizi.

"Marahaba wanangu, karibuni."

Akazipitia picha haraka. "Hawa wakimbizi. Hawa wazungu. Wakimbizi tena. Sisi tuko wapi?"

Bwana wee, nilikosa jibu. Slaidi 86 nimezifuta vumbi na sikuwahi kujiuliza. Akatueleza jinsi miti ya kilima ilivyoisha kwa kuni, na shamba la kwao likawa njia ya watu. Hakuficha na upande wa pili: ndizi zilinunuliwa, na kaka yake alipata kazi ya udereva.

Mume wangu akachomoa picha ya kilima kilichojaa maturubai. Pembeni kushoto kuna kibanda cha udongo ambacho mimi nilipanga kukikata ili picha ipendeze. Mama akaweka kidole. "Hapa kwa mama yangu." Jirani yake akaja, akabisha: hiyo ni nyumba ya tatu kutoka pale! Wakavutana, wateja wanasubiri.

Mwisho nikamwonyesha niliyoipenda kuliko zote. Binti wa miaka kama sita, peku, anatazama kamera. Nilitaka kuitundika sebuleni. Mama akairudisha kifudifudi. "Huyu ana mama yake mahali. Wako ungependa akae ukutani kwa watu?"

Sina wangu. Miaka mitano ya ndoa, na mtoto bado. Mume wangu akageukia malori.

Usiku, gesti ya Ngara mjini, umeme umekatika, ndiyo akaniuliza kama ile picha niliitaka kwa sababu hiyo. Nikasema sijui. Halafu nikasema ndiyo. Tulikuwa hatujawahi kulizungumza bila mmoja kuondoka chumbani, na safari hii hakuna aliyetoka. Tukaongea mpaka jogoo, mambo ya hospitali, ya mama mkwe, ya hofu yake ambayo mimi nilidhani ni kutojali.

Binti yumo kwenye kopo, gizani, na nakala yake nimeifuta. Ya kilima niliichapisha kubwa, kibanda kikiwemo, nikamkabidhi konda wa basi aipeleke Benaco. Mama alipiga simu ilipofika. Jirani bado anabisha.