Shukrani Kabla ya Matokeo

Katika desturi za shule zetu za Tanzania iko moja ambayo mgeni huiona kuwa ni kinyume cha mambo, nami huiona kuwa ni ya hekima. Mahafali ya kidato cha nne aghalabu hufanywa mwezi wa Septemba au Oktoba, na mtihani wa taifa hufuata mwezi wa Novemba. Kijana huvishwa joho, hupigiwa vigelegele, hukatiwa keki na kutundikwa mashada ya karatasi za rangi na shangazi zake, ilhali hajaandika hata jibu moja la mtihani utakaopima miaka yake minne. Ni mkulima gani afanyaye sherehe ya mavuno na mtama ungali shambani? Lakini desturi hii ina maana yake. Matokeo yakishatoka, shukrani hugeuka kuwa ujira: aliyepata daraja la kwanza husifiwa, na aliyepata sifuri huulizwa ada ya wazazi wake ameitupa wapi. Kabla ya matokeo watu wote wa darasa ni sawa, na linaloweza kushukuriwa ni jasho peke yake.

Nilialikwa kusema neno katika mahafali ya namna hiyo, kwenye shule moja ya Kikristo huko Nyangoto, katika nchi ya Wakurya. Jua lilikuwa kali, risala zilikuwa nyingi, na pilau ilikwisha kunukia. Kwa hiyo nilisema machache. Haya ni yale yaliyobaki. Nawaandikia wahitimu wale, pamoja na wasomaji wa jarida hili, ambao kila mmoja wao amepata kusimama mahali kama pale na joho la kuazima mabegani.

Yafaa kwanza niseme Nyangoto ni mahali gani. Iko katika eneo la Nyamongo, wilaya ya Tarime, upande wa kaskazini wa mto Mara. Ukivuka mto wafika wilaya ya Serengeti. Mto wenyewe hutoka katika milima ya Mau nchini Kenya, hupita kati ya mbuga za wanyama, na kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Wenyeji ni wafugaji na wakulima, na kwa miaka mingi walichimba dhahabu kwa mikono yao. Mwaka 2002 mgodi mkubwa wa North Mara ulianza kazi, na tangu hapo kijana wa Nyangoto amekua baina ya vilima viwili: kile ambacho babu yake alichungia ng'ombe, na kile cha mawe kilichojengwa na malori. Katika kilima hiki cha pili husemwa kuwa yamebaki mawe yenye chembe za dhahabu. Vijana huyaendea usiku na mchana ijapokuwa wamekatazwa, na ijapokuwa wako waliokwenda wasirudi. Tarehe 16 Mei 2011 watu wasiopungua watano waliuawa hapo kwa risasi za polisi.

Basi mtu asidhani kwamba aliyekaa darasani Nyangoto miaka minne alikaa kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Amemwona mwenzake wa rika akiacha shule katika kidato cha pili, na baada ya muda si mrefu akipita mlangoni pa shule juu ya pikipiki mpya, akipiga honi kwa furaha ya kuonekana. Yeye wakati huo yumo ndani akifundishwa ngeli za nomino. Sisi walimu wa lugha twajua vema kuwa ngeli hazikupata kushindana na pikipiki. Hata hivyo alibaki. Pongezi yangu ya kwanza ni ya kubaki huko, nayo haina haja ya kungoja Baraza la Mitihani.

Sasa nije kwenye shukrani, maana kila risala ilianza nayo. Alishukuriwa Mungu, wakashukuriwa wazazi, walimu, viongozi ambao hawakuweza kufika, na wapishi. (Wapishi walishangiliwa kuliko wote, na kwa haki.) Sina ugomvi na orodha hiyo, ila naiona fupi. Mtu wa kazi yangu husikiliza maneno, na neno lililorudiwa sana siku ile lilikuwa kuhitimu. Asili yake ni Kiarabu, na Waswahili wa pwani walilitumia kwa mtoto aliyemaliza kuisoma Kurani chuoni. Siku hiyo mwalimu wake alipewa zawadi na jirani wakalishwa. Mahafali nalo ni neno la Kiarabu, na mwalimu, na darasa, na kitabu. Shule tuliachiwa na Wajerumani, cheti kilitujia kutoka Bara Hindi, na chaki tuliipata kwa Waingereza. Hivyo shule ya Kikristo iliyo katikati ya Wakurya huwaaga watoto wake kwa neno la chuo cha pwani. Sisemi haya ili kuitia shule ile katika dini nyingine. Nasema kwamba kabla mwanafunzi hajafungua kinywa ashukuru, ulimi wake umekwisha kukopa kwa watu ambao hatawaona kamwe.

Wamisionari nao wana fungu lao. Wamennonite kutoka Marekani walifika Shirati mwaka 1934, na baadaye wakafungua kituo Nyabasi, katika Wakurya. Mapadre wa Maryknoll walikuja Musoma baada ya Vita Kuu ya Pili. Walijenga zahanati na shule, wakasomesha kwa nia yao wenyewe, ambayo haikuwa elimu peke yake. Sheria ya elimu ya mwaka 1969 ilizitia shule nyingi za makanisa mikononi mwa serikali ili mtoto wa dini yoyote apate kuingia, jambo ambalo naliona lilikuwa la haki hata kama liliwauma waliojenga. Miaka ikapita, makanisa yakaanza tena kujenga. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada tangu kidato cha kwanza hata cha nne, bali shule za makanisa zingali zikiishi kwa ada. Na katika nchi ya Wakurya, ukisema ada, ng'ombe hugeuza masikio.

Hapa nataka kukaa kidogo. Katika Wakurya, kaka na dada hufungwa pamoja na ng'ombe. Mahari inayoletwa kwa ajili ya msichana hailiwi ovyo; kwa desturi huwekwa ili kaka yake wa tumbo moja aitoe, naye apate mke. Kwa hiyo msichana mmoja hujenga nyumba mbili, ile aendayo na ile ya kaka yake aliyemwacha nyuma. Zilipokuja ada za sekondari, ng'ombe walewale walionyeshwa njia ya mnadani.

Dada yangu aliolewa mwaka 1995, akiwa hajatimiza miaka kumi na saba. Alikuwa mwepesi wa hesabu kunishinda, na jirani walimtuma dukani kwa kuwa hakupata kudanganywa chenji. Alimaliza darasa la saba, akakaa nyumbani, ng'ombe wakaja. Mwezi wa Januari uliofuata mimi nilipelekwa kidato cha kwanza katika shule ya kanisa, na wiki chache kabla ya hapo baba alikuwa amepeleka mitamba wawili mnadani. Wakaendelea kupungua, muhula kwa muhula. Nilipofika kidato cha nne, lile kundi la dada lilikuwa limebaki fahali mmoja na mtamba mmoja mwenye kukohoa, na wazee wa ukoo wakamwuliza baba kama mwanawe ana nia ya kuoa kitabu. Dada yangu hakuulizwa neno. Siku ya mahafali yetu hakuwapo, maana alikuwa na mtoto mchanga wa pili.

Leo nina shahada ya uzamivu. Zipo fomu ambazo huuliza ni nani aliyegharimia masomo yangu, nami huandika jina la mfuko ulionilipia chuo kikuu, kwa sababu nafasi iliyoachwa ni ya mstari mmoja. Nilipata kumweleza dada jambo hili, tumeketi nje ya nyumba yake jioni. Alicheka sana, akasema, "Mura, ng'ombe wale wamefika mbali kuliko mimi."

Msomaji wa Dar es Salaam ataona kuwa haya ni mambo ya ukoo, na kwamba deni la msomi ni kwa taifa. Alipata kusema hivyo mtu mkubwa kuliko sisi, naye alitoka mkoa huo huo wa Mara. Julius Nyerere wa Butiama alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akabatizwa Nyegina mwaka 1943, akafundisha katika shule za misheni Tabora na Pugu. Mwezi wa Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kuyapinga masharti ya kulitumikia taifa, aliwafukuza wapatao 400, na siku hiyo hiyo akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengine wamemwona alikuwa mkali mno kwa vijana. Mimi naona alikuwa na haki katika hesabu, kwa kuwa mkulima wa pamba ndiye aliyekuwa akiwalipia. Lakini taifa ni kubwa mno, halina uso, na mtu aweza kulisifu maisha yake yote bila ya kulilipa senti. Dada ana uso. Yuko ng'ambo ya mto, ana jina, na pengine ana kikohozi kama cha yule mtamba.

Kwa hiyo nawaambia wahitimu wa Nyangoto, wakiume kwa wakike: kabla ya mtihani tafuteni saa moja mkaulize nyumbani. Ada ya muhula wa kwanza ilitoka wapi? Ni nani aliyebaki nyumbani ili wewe uondoke? Wako watakaotajiwa shamba lililowekwa rehani, au mama aliyepika pombe usiku na kwenda kanisani asubuhi akiogopa kunukia. Wengine watajibiwa kwa kimya, na kimya hicho nacho kina jina la mtu.

Wala asinielewe vibaya yule ambaye matokeo yatamwendea upande. Kila mwaka wako. Mwenye kujua aliyemlipia hatathubutu kujificha kwa aibu au kukimbilia kilima cha mawe. Atauliza chuo cha ufundi kiko wapi, au chuo cha maendeleo ya wananchi, ambavyo serikali ilianza kuvifungua mwaka 1975 kwa ajili ya watu wazima waliotaka kujifunza kazi. Daraja la nne lenye mikono ni mali.

Kwa wasichana maneno yangu ni mazito zaidi, maana baada ya Novemba huja Desemba. Shule hufungwa, na katika miaka ambayo wazee hutangaza msimu, vijana hutahiriwa, wakapita njiani wamepambwa, wakitunzwa fedha na kuimbiwa. Hayo nayo ni mahafali, na ni ya zamani kuliko yetu. Lakini kwa msichana mahafali hayo ni kisu. Sheria ya mwaka 1998 imekataza kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18, na hata hivyo kila msimu wako wanaotoroka usiku. Masanga, wilayani Tarime, na Mugumu, wilayani Serengeti, yako makao ambayo yamewapokea mamia yao, wakala Krismasi pamoja mbali na mama zao. Ni rahisi kusema "msiogope" kwa mtu ambaye kesho atapanda basi la alfajiri kurudi Dar es Salaam. Kwa hiyo sitalisema. Nasema tu kwamba mlango upo, na njia yake yajulikana na walimu wenu.

Neno lililobaki ni la wavulana, kwa kuwa wazazi husema: binti asiyekeketwa hataolewa, na akiolewa ng'ombe watakuwa wachache. Ninyi ndio waoaji wanaosemwa. Ninyi pia ndio kaka ambao ng'ombe hao wanangojewa kwa ajili yenu. Kijana wa kidato cha nne, aliyevaa joho na kupigiwa vigelegele na ukoo mzima, akisimama mbele ya baba yake na wazee wa rika la baba yake akasema, "Mzee, kwa heshima yako, mimi nitamwoa asiyekeketwa, na dada yangu asiguswe kwa ajili yangu," huyo ameshukuru. Najua ni vigumu, maana najua wazee wale, na najua ukimya wao mtu anaposema jambo ambalo hawakulitarajia. Lakini sioni ni nani mwingine wa kulisema. Mchungaji amelisema, mkuu wa wilaya amelisema, na redio imelisema, wote wakasikilizwa kwa adabu na kuagwa.

Binti wa dada yangu yuko kidato cha tatu mwaka huu, katika shule ya kanisa. Ada nalipa mimi. Sare na madaftari hununua mama yake kwa fedha ya mahindi, kwa kuwa amekataa katakata kuniachia yote. Kila Desemba mtoto huja kukaa kwetu Dar es Salaam hata shule zifunguliwe, na dada mwenyewe ndiye anayemsindikiza mpaka stendi ya Tarime na kungoja basi liondoke.