Baridi ya Kipupwe katika Njia ya Njombe

Katika kipupwe, mwezi wa Julai, sisi walimu wawili twaliondoka Morogoro kwa pikipiki kwenda Njombe. Mikumi palikuwa na vuguvugu, na katika bonde la mibuyu, kando ya Mto Ruaha, jua lilituchoma hata watu wakayacheka makoti tuliyoyafunga nyuma.

Chini ya mlima wa Kitonga tukasimama, tukayavaa kungali na joto. Kwa maana kila mita 1,000 za kupanda, joto la hewa hupungua kadiri ya nyuzi 6; na upepo wa mwendo huzidisha baridi. Tukalala Iringa.

Kesho yake, tulipopita Mafinga, ukungu ukatanda. Makambako yakaanza manyunyu, na vidole vya mwenzetu aliyeshika usukani vikafa ganzi, asiweze kuikaza breki. Tukasimama kwa mama mmoja muuza chai, tukaota moto wa mkaa saa nzima, ingawa jua lilikuwa likienda.

Ndugu msomaji, mkono usioisikia breki umebeba roho mbili. Wazee walisema, Mwenda pole hajikwai. Nasi twaongeza: na aliyeshikwa na baridi, na asimame kwanza.